Nukta za Piko

Kule niliko kazini tunavunja vitu kwa adabu.
Kijiti cha alumina, cheupe, urefu wa kidole cha shahada,
nakilaza juu ya vyuma viwili, cha tatu kinashuka katikati
polepole, kama mtu anayejinyoosha kando ya mtoto aliyelala.
Kisha: tk.
Naandika nyutoni. Naokota vipande. Nalaza kingine.

Thelathini vya tanuri moja, unga mmoja, mkono mmoja,
na hakuna viwili vinavyokufa kwa uzito mmoja.
Kila kimoja kimezaliwa na kasoro yake, mahali pake.
Nasi hatuulizi vyote kwa wastani vina nguvu gani,
twauliza yule dhaifu kuliko wote atasimama hadi lini,
kwa maana dirisha ni moja.
Litakaa ubavuni mwa mtambo unaotaka kulifunga jua
ndani ya chupa ya sumaku,
nutroni zikilipiga usiku na mchana,
na likipasuka, jua litazimika
(halitalipuka, wajomba zangu, nimeshawaambia mara ngapi),
litazimika tu, kwa aibu,
na fedha za nchi kadhaa zitapoa pamoja nalo.

Ufa hauhitaji hasira.
Wataka uzito uleule, siku baada ya siku,
na unyevu kidogo wa hewa uingie nchani mwake
ufungue kifundo kimoja cha atomu, kisha cha pili.
Hayo niliyakariri kwenye baridi ya ugenini
bila kukumbuka kwamba nimezaliwa Lamu, mtaa wa Mkomani,
ambako chumvi huloa ndani ya kopo lililofungwa
na kuta za matumbawe hutoka jasho mwezi wa tano.

Mwaka huu nimerudi kumshusha Bi Zena chumba cha chini.
Magoti yamezikataa ngazi.
Nazitoa sahani zidakani, moja moja,
naye kitandani, mtoto wa jicho kote kuwili, ananiamuru:
"Gonga kwa ukucha. Nipe sauti."
Ting. "Nzima hiyo."
Ting. "Nzima. Ya mamangu."
Ya saba ikasema tk,
mkono wangu ukasita. Lugha hiyo naijua,
nalipwa mshahara kuisikia.

"Igeuze."
Ufa mwembamba kama unywele wa kichanga,
na kando yake nukta tatu nyeusi, za piko.

"Ya kwanza, mwaka nilioolewa. Ya pili, alipozaliwa mamako.
Ya tatu, wewe ulikuwa waanza kutambaa."
"Kwa nini piko, Bibi, si sindano?"
"Nikwaruze? Mkwaruzo si ndio mama wa ufa?"

Mimi sentensi hiyo
niliihangaikia miezi minne, kwa mashine na umeme wa watu.

Nikapima kwa rula ya shule.
Kati ya nukta ya kwanza na ya pili, punje ya mchele.
Kati ya pili na tatu, nusu yake.
Baada ya hapo, hakuna kitu. Ufa umekoma palepale penye nukta,
miaka thelathini na mmoja.
"Ulifanya nini?"
"Niliacha kuipakulia. Harusi za watu zilikuwa zaiua."

Famau, aliyekuja kubeba kitanda, akaanza mlangoni:
"Ndiyo maana wakasema, usipoziba ufa..."
"Huo wa ukuta," Bi Zena akamkata.
"Kauri haizibwi. Kauri hupunguziwa."

Nikalifikiria dirisha letu, lisilo na siku ya kupunguziwa.

Piko lilikuwa mtotoni mwa kabati, limekauka.
Nikalitia maji, nikaiweka nukta ya nne
juu ya ile ya tatu, zikawa moja.
Kwenye daftari nimeandika tarehe,
na chini ya neno "uzito" nimeandika: hakuna.

"Umenyamaza," akasema. "Zimebaki tano."

Ya nane ikasema ting.